Nasaha ya Kitanda

Miongoni mwa nasaha zitolewazo kwa moyo safi na kupokewa kwa shukrani, hapana, kwa maoni yangu, iliyowadhuru watu wenye maradhi ya maltipo sklerosisi kuliko ile isemayo kwamba mgonjwa wa mishipa ya fahamu hana budi kupumzika, azihifadhi nguvu chache alizobakiwa nazo, asitembee pasipo lazima, asiinue ndoo, asipande ngazi, wala asithubutu kuanza mazoezi ya viungo, kwa kuwa kila tone la jasho limtokalo huyachochea maradhi yaliyotulia na kuyaamsha upya. Husemwa na shangazi aliyeketi ukingoni mwa kitanda: "Mwanangu, usijichoshe." Husemwa na jirani, husemwa na mwajiri, na, jambo linalonisikitisha zaidi, husemwa hata leo na baadhi ya matabibu waliofundishwa hivyo na walimu wao, wasipate wasaa wa kulichunguza tena walilofundishwa. Nakusudia kuipinga dhana hii kwa nguvu zangu zote, si kwa sababu waisemao ni watu wabaya, bali kwa sababu ni watu wema, na mgonjwa huona haya kulikataa neno la mtu anayempenda.

Pumziko lina haki yake, na sina ugomvi nalo. Mwenye malaria na alale; aliyepasuliwa na alale; mwenye homa ya matumbo na alale mpaka homa imtoke. Lakini maradhi hayo yana mwisho: homa hushuka, kidonda hufunga, na siku ya kuondoka kitandani hujulikana. Maltipo sklerosisi haina siku hiyo. Ni maradhi ya umri mzima, ambayo aghalabu humfikia mtu kati ya miaka 20 na 40, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Yaani humkuta mtu anapolea watoto, anapotafuta riziki, anapojenga nyumba yake. Basi mtu wa miaka 28 anapoambiwa apumzike mpaka apone, ilhali dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi haya haijapatikana, ameambiwa nini ila alale miaka 40 iliyobaki? Hapana mwili wa binadamu, uwe mzima au mgonjwa, uwezao kulala muda huo na kubaki na nguvu ya kusimama.

Imani hii ina asili yake, na asili yenyewe si ujinga wa watu wa kawaida. Imetoka kwa wataalamu. Tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeyaeleza maradhi haya kwa utaratibu mwaka 1868 na kuyatenga na maradhi mengine ya kutetemeka. Baadaye ilikuja kufahamika kwamba kinga ya mwili, ambayo dhima yake ni kupigana na vijidudu, huushambulia utando wa mafuta uitwao mielini, unaozizunguka nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Na pale utando ulipoharibika, habari zipitazo baina ya ubongo na viungo hupunguza mwendo au hukatika, ndipo mtu akapatwa na ganzi ya miguu, ukungu wa jicho, kuyumba, haja ndogo isiyozuilika, na uchovu ambao usingizi wa usiku kucha hauuondoi. Kisha, mwaka 1890, tabibu wa macho Mjerumani aitwaye Wilhelm Uhthoff aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wake, walipokwisha kutembea au kufanya kazi ya nguvu, walififia macho kwa muda, na baadaye nuru ikawarejea. Aliona sawasawa. Kilichokosewa ni sababu. Ilidhaniwa kwamba mkosaji ni kule kujitaabisha kwenyewe, na miaka mingi ikapita kabla haijabainika kwamba mkosaji ni joto: kwamba uzi wa fahamu uliovuliwa mielini hushindwa kuipitisha habari joto la mwili likipanda hata kwa nusu digrii, na kwamba joto hilo likishuka uzi huirudia kazi yake kama ulivyokuwa, pasipo kuongezeka kidonda kimoja kipya. Katikati ya karne ya 20 matabibu walilifahamu jambo hilo kiasi cha kumtia mgonjwa katika birika la maji ya moto ili dalili zijitokeze na maradhi yatambulikane. Hata hivyo yule yule mgonjwa, alipotoka katika birika na kufutwa maji, aliweza kuambiwa arudi nyumbani na asitembee tembee.

Hapa pwani kosa hilo limepata mashahidi wengi, nami naelewa kwa nini. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam zina joto lenye unyevu lisilomwacha mtu hata kivulini. Mgonjwa akitoka adhuhuri kwenda dukani, akarudi macho yana kiwi na miguu haimchukui, nyumba nzima imekwisha kuona kwa macho yake kwamba kutembea kumemdhuru, na hapana hoja ya kitabuni itakayoushinda ushahidi wa namna hiyo. Jamaa zetu walioko Maskati na Kuwait wanayaona hayo hayo chini ya jua kali zaidi. Lakini ushahidi huo ungeulizwa swali moja tu ungejibu kinyume: je, alipokaa mbele ya pangaboi akanywa maji ya baridi, macho hayakurudi? Kurejea kwa maradhi kwa maana yake ya kweli ni kutokea dalili mpya, au kuzidi kwa ile ya zamani, kukadumu zaidi ya saa 24 pasipo homa wala ambukizo, na hilo ni jambo la kumpeleka mtu kwa tabibu upesi. Kiwi cha jua kinachoondoka mtu akipoa ni jambo jingine, na kuyachanganya mambo haya mawili kumewalaza watu wengi waliostahili kuwa wamesimama.

Anayetaka ithibati ya vipimo ataipata bila taabu. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha jaribio la watu 54 wenye maradhi haya, ambao baadhi yao walifanya mazoezi mara 3 kwa juma kwa majuma 15 na wengine wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Wale wa kwanza waliongezeka pumzi, wakaongezeka nguvu za mikono na miguu, na huzuni ikawapungua. Mwaka 2014 yalikusanywa majaribio 26 ya namna hiyo, yenye watu 1,295, ili lipate jibu lile swali la hofu, ndipo ikaonekana kwamba maradhi yaliwarejea asilimia 6.3 ya wasiofanya mazoezi, na asilimia 4.6 ya waliofanya. Sisemi kwamba tofauti hiyo yatosha kuthibitisha kuwa mazoezi huyazuia maradhi yasirejee. Nasema yatosha, na kuzidi, kuibatilisha dhana kwamba mazoezi ndiyo yanayoyaita. Mwaka mmoja kabla ya hapo wataalamu wa Canada walikuwa wamekwisha kuwaandikia watu wazima wenye ulemavu mdogo au wa wastani kipimo cha kuanzia: dakika 30 za zoezi la kuongeza pumzi, mara 2 kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa juma.

Kitanda, kwa upande wake, hakikupimwa na wanaokisifu. Misuli isiyotumika hupungua. Mifupa isiyobeba uzito hulegea, hasa kwa aliyepewa dawa za steroidi mara kwa mara. Tumbo hufunga, damu huganda katika mishipa ya miguu, ngozi hufanya vidonda mgongoni na nyongani, na viungo vilivyokuwa vikikakamaa huzidi kukakamaa. Udhaifu huo wote huongezwa juu ya udhaifu wa maradhi, kisha huandikwa kuwa wa maradhi peke yake, na mgonjwa akiwa hawezi kufika mlangoni watu husema, tazama, lilikuwa jambo jema tulivyomzuia. Baada ya miaka 3 ya kulazwa, nani atakayeweza kubainisha ni sehemu gani ya udhaifu iliyoletwa na maradhi na ni ipi iliyoletwa na upendo?

Na upendo huo una historia isiyopendeza. Kwetu maradhi haya ni haba kuliko katika nchi za kaskazini, mashine za kuupiga picha ubongo ni chache, na matabibu wa mishipa ya fahamu ni wachache zaidi. Kwa hiyo mtu huweza kukaa muda mrefu akisemwa kuwa ni mvivu, au ana jini, au amepatwa na kiharusi kidogo, kabla tatizo lake halijapewa jina. Jina likipatikana, jamaa wale wale waliomwita mvivu hugeuka wakamnyang'anya ufagio mkononi, wakamkataza kupika, wakamfulia hata leso yake. Jana alilaumiwa kwa kukaa, leo anakatazwa kusimama, na siku zote mbili yeye mwenyewe hakuulizwa.

Sitaki kueleweka vibaya na upande wa pili. Wako wanaosema kwamba mgonjwa ajikaze tu, kwamba atakimbia akapona, na kwamba dawa ni za watu wasio na moyo. Kauli hiyo ni batili na ni ya hatari. Mazoezi hayarudishi mielini iliyopotea, wala hayashiki nafasi ya dawa zinazoizuia kinga ya mwili isishambulie. Huongeza nguvu katika kile kilichosalia, na kilichosalia kwa watu wengi ni kikubwa kuliko walivyoambiwa.

Basi mtu aanze vipi? Aanze alfajiri, jua halijapanda, baada ya kuoga maji ya baridi, na kitambaa kilicholowa maji kikiwa shingoni. Aanze kwa kidogo kisichomtisha: dakika 10, au 5 mara mbili, pamoja na pumziko baina yake, maana pumziko lililowekwa ndani ya zoezi ni sehemu ya zoezi. Asimame kutoka kitini na kuketi tena akiwa karibu na ukuta wa kushika. Ainue chupa ya maji kwa mkono mmoja, kisha kwa wa pili. Aongeze pole pole, juma kwa juma, akiangalia jinsi anavyoamka kesho yake. Aliye katika kiti cha magurudumu ana mikono, mabega na kifua vya kufanyia kazi. Mwenye bahari karibu aingie asubuhi akiwa na mtu wa kumshika, kwani maji huuchukua uzito wa mwili na kuuondoa ukali wa joto lake. Maradhi yakirejea kweli kweli asimamishe, atibiwe, kisha aanze tena kutoka chini pasipo kujilaumu.

Dai langu kwa matabibu ni moja, na si la gharama. Mgonjwa anapoandikiwa dawa huambiwa vidonge vingapi, saa ngapi, na arudi lini. Lakini kuhusu mwili wake huambiwa "pumzika", au, kwa tabibu aliye msomi zaidi, "fanya mazoezi", neno lisilo na kipimo ambalo humwacha peke yake na hofu yake na hofu ya jamaa zake. Na iandikwe katika karatasi ile ile ya dawa: atembee dakika ngapi, saa gani ya siku, mara ngapi kwa juma, ni dalili ipi atakayoivumilia na ipi itakayomrudisha hospitalini, ni tabibu gani wa viungo atakayemwongoza, na tarehe ya kuja kupimwa tena, kisha asomewe mbele ya mume wake, au mama yake, au yeyote aliyemsindikiza, ili atakapovaa viatu vyake alfajiri asiwe na haja ya kumwomba mtu ruhusa.