Ufa Usiozibwa

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, madaktari na wauguzi katika hospitali nyingi za Uingereza walikuta tarakilishi zao zimefungwa. Kwenye vioo palitokea tangazo: lipeni dola 300 kwa sarafu ya bitcoin, la sivyo mafaili yenu yatapotea. Magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine, wako waliorudishwa nyumbani siku ya upasuaji wao, na yakadiriwa kuwa miadi ipatayo 19,000 ilivunjwa.

Kirusi hicho kiliitwa WannaCry. Kwa siku chache kiliingia katika tarakilishi zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150. Hakikungoja mtu abonyeze kiungo. Kilipenya chenyewe kutoka mashine hadi mashine, mfano wa moto katika nyumba za makuti.

Ndugu msomaji, silaha hiyo ilitoka wapi? Kampuni ya Microsoft ilieleza kuwa zana iliyotumika iliibwa kutoka Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani. Ilikuwa zana ya kupenya ufa uliokuwamo katika programu ya Windows. Mnamo Aprili 2017 kundi lijiitalo Shadow Brokers liliimwaga hadharani, na mwezi uliofuata ikawa ndani ya WannaCry. Desemba ya mwaka huo, Marekani na Uingereza ziliilaumu Korea Kaskazini, nayo ikakana.

Hapa ndipo ilipo hatari ya zama zetu. Bunduki ikiibwa ghalani hubaki bunduki moja. Silaha ya mtandao ikiibwa hunakiliwa mara elfu, na iliyoundwa kwa ajili ya adui wa dola huishia kwenye kitanda cha mgonjwa asiyekuwa na ugomvi na mtu.

Hata hivyo, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya ufa ule tangu Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio. Ukaguzi uliofanywa baadaye nchini Uingereza ulionyesha kuwa hospitali zote zilizoambukizwa zilikuwa na mashine ambazo hazikusasishwa, au zenye Windows iliyopitwa na wakati. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisi nasi hatuko mbali na mambo haya. Julai 2023, huduma za eCitizen hapa Kenya zilivurugwa kwa siku kadhaa, na kundi lijiitalo Anonymous Sudan likajigamba kuwa ndilo lililofanya. Hao hawakuvunja mlango. Waliusonga kwa maombi mengi ya uongo hata wenye haja wakashindwa kupita. Waliotaka pasipoti, tiketi za treni au tokeni za stima walitaabika. Serikali ilisema hakuna taarifa za wananchi zilizopotea.

Basi tufanye nini majumbani mwetu? Kwanza, simu inapotuarifu kuwa kuna sasisho la mfumo, tusiliahirishe wiki baada ya wiki kwa kuchelea kumaliza bando. Tutenge siku moja kila mwezi tukague simu zote za nyumba, hasa za wazee wetu. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho isitumike kuwekea fedha.

Pili, picha na hati muhimu zinakiliwe mahali pengine, kama vile katika flashi inayohifadhiwa kabatini, isiyochomekwa daima. Aliyekuwa na nakala hakuwa na haja ya kumlipa mwizi.

Tatu, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na namba za dharura viwepo pia kwenye karatasi, pamoja na akiba ndogo ya fedha taslimu. Siku mtandao utakapozimwa na watu wa mbali tusiowajua, mtoto mgonjwa bado atahitaji nauli ya kufika hospitali.