Mafuta ya "asili" yanafuta makunyanzi kwa wiki mbili? Warembo wa Tanga wanapigwa mchana kweupe

Waja leo, waondoka leo. Msemo wa Tanga huo, kila Mbongo ameshausikia. Sasa kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni kauchukua, kaubandika kwenye chupa ya mafuta ya uso. Yaani makunyanzi yanakuja leo, yanaondoka leo. Chupa yenyewe ndogo kama ya dawa ya kikohozi, ina picha ya nazi iliyopasuliwa, mbegu za ubuyu na karafuu, na maandishi makubwa: ASILI ASILIMIA 100. Bei elfu kumi na tano, na bodaboda anakuletea mpaka mlangoni.

Nani asinunue? Ndivyo alivyojiuliza mdada mmoja wa mjini ambaye kazi yake ni kushika kipaiza sauti kwenye shughuli za watu. Jina lake halina haja hapa, wanaomjua wanamjua. Ana miaka 34. Kosa lake lilikuwa moja tu: alicheka sana kwenye sherehe fulani Ngamiani, mtu akamrekodi kwa karibu bila filta, video ikazunguka. Watu hawakusema ukumbi ulivyochangamka, hawakusema gauni. Walisema paji la uso. "Dada kazeeka." "Huyu si bibi harusi mtarajiwa, huyu bibi kweli." Vitu vya namna hiyo, vya kijinga, vimeandikwa na watu ambao wengine ni wakubwa kuliko yeye.

Basi akaagiza chupa.

Wiki ya pili uso ukawa laini kama wa mtoto. Mistari ya paji la uso ikafifia, rangi ikafunguka, mashoga wakaanza kuuliza namba ya muuzaji. Akaagiza ya pili, ya tatu. Mwezi wa tatu muuzaji akaishiwa mzigo, mdada akakaa siku tano bila kupaka. Hapo ndipo sinema ilipoanza. Uso ukawaka kama umemwagiwa pilipili, ukavimba, vipele vikatoka mpaka kwenye kope. Shughuli mbili akazikosa, na hela ya kianzio akairudisha.

Aliyeshtuka wa kwanza hakuwa daktari. Alikuwa bibi yake wa Pangani, mwanamke wa miaka sabini na kitu aliyepaka mafuta ya nazi tangu anazaliwa. Mjukuu kafika na mtandio umefunika uso mpaka puani, bibi kamfunua, kamtazama, kaishika ile chupa, kainusa.

"Mwanangu, haya mafuta ya nazi gani yanayomfanya mtu mweupe?"

Swali hilo moja lina akili kuliko matangazo yote ya mtandaoni. Mafuta ya nazi hayafanyi mtu awe mweupe. Ya ubuyu hayafanyi. Ufuta, nyonyo, mlonge, zeituni, parachichi za Lushoto, hakuna hata moja. Mafuta yakikubadilisha rangi ndani ya wiki mbili, ujue humo ndani kuna kitu hakijatoka kwenye mti.

Na hapa lazima mtu aseme ukweli bila kuwadharau bibi zetu wala kuwatukuza kupita kiasi. Pwani hii mafuta ya nyumbani ni elimu, si ushamba. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, machicha yanakamuliwa kwa kifumbu, tui la kwanza linaachwa usiku kucha mpaka mtindi wake upande juu, kisha unaenguliwa na kupikwa kwa moto mdogo. Maji yakikauka, masalia yanakuwa ya kahawia chini na mafuta safi yanabaki juu, yananukia nyumba nzima. Ni kazi ya nusu siku, nazi nyingi kwa mafuta kidogo. Anayesema anauza ya nazi tupu kwa bei ya kutupa, muulize nazi kanunua wapi.

Halafu kuna singo. Bibi harusi wa Tanga, kama wa Mombasa na Unguja, anasuguliwa na kupakwa siku kadhaa kabla ya shughuli, na liwa, dalia na mafuta yenye harufu, somo yake akiwa pembeni anamfunda. Anatoka anang'aa. Lakini angalia vizuri: katika siku hizo msichana anakaa ndani. Hatoki juani, hafui, hapiki kwenye moshi, analala. Watu wanasifia mafuta tu, ile wiki ya kukaa kivulini hakuna anayeitaja. Na nusu ya kazi imefanywa na kivuli.

Kwa sababu adui mkubwa wa uso ni jua. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee mmoja wa miaka 69, jina halikutajwa. Alikuwa ameendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ule wa dirishani, makunyanzi mazito, ngozi imelegea. Upande wa kulia kama mdogo wake. Mtu huyo huyo, chakula hicho hicho, umri huo huo. Kioo cha gari kinazuia miale ya jua inayounguza haraka, lakini kinapitisha ile inayozama ndani ya ngozi na kuvunja kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoifanya ngozi ikaze. Huko usukani uko kushoto. Kwetu uko kulia, kwa hiyo dereva wa basi la Tanga na Dar aanze kujikagua shavu la kulia.

Na Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Jua la saa 6 mchana, kaskazi ikivuma, halina utani na mtu. Ngozi nyeusi ina kinga yake, melanini, ndiyo maana makunyanzi kwetu huchelewa kuliko kwa Wazungu. Kuchelewa lakini si kutokuja. Muuza samaki anayekaa sokoni bila mwavuli tangu ana miaka 20 atakwambia.

Sasa mafuta yanafanya nini? Yanazuia maji yasitoroke kwenye ngozi. Basi. Ngozi kavu inaonyesha kila mstari, ngozi yenye unyevu inajaa kidogo, na ile mistari midogo ya ukavu inapungua kuonekana. Hiyo faida ipo na ni ya bei rahisi. Paka usiku baada ya kuosha uso, wakati ngozi bado ina maji kidogo, matone mawili matatu, asubuhi utajiona tofauti. Lakini yale makunyanzi ya ndani, ya jua, ya miaka, ya sigara kwa wanaovuta, mafuta hayayafikii. Hata yule bibi wa Pangani anayo, usoni kote, na hajawahi kuyaficha. Akicheka yanakuwa mengi zaidi. Ngozi yake ni laini ukiigusa, ila ni ngozi ya mtu mzima, na hajawahi kumwambia mtu yeyote vinginevyo.

Aliyeanza kusema vinginevyo ni muuzaji.

Ujanja ni huu. Watu wa mjini wameshachoka kusikia ubaya wa mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, zinakamatwa, zinachomwa moto kwenye taarifa ya habari. Mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi ukatoka TFDA ukaenda TBS, na nembo ya TBS ndiyo ya kutafutwa kwenye chupa. Duniani nako, mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga zebaki, vipodozi vikiwemo. Kwa hiyo anayetaka kuuza mkorogo leo hauiti mkorogo. Anauchanganya na mafuta ya nazi, anaweka karafuu ya kunukia, anauita asili. Wateja wale wale wanaoapa hawatumii mkorogo wanapanga foleni.

Daktari wa ngozi aliyemwona mdada wetu hakuhitaji muda mrefu. Ngozi nyembamba, vimishipa vinaonekana, wekundu, vipele, na uso kulipuka baada ya kuacha kupaka: ni sura ya watumiaji wa krimu za steroidi. Steroidi ni dawa halali ikiandikwa na daktari kwa ugonjwa na kwa muda. Ukiipaka usoni kila siku inakupa ulaini wa haraka, kisha inakula unene wa ngozi, na ngozi iliyokonda inakunjamana kirahisi zaidi. Yaani dada kanunua makunyanzi akidhani anauza. Haidrokwinoni nayo ikikaa usoni muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi ya bluu bluu ambayo hayatoki kirahisi. Zebaki inapita kwenye ngozi inakwenda mpaka kwenye figo.

Wapo watakaosema, basi tujitengenezee wenyewe jikoni. Sawa kabisa, ila jikoni nako kuna mabalaa yake. Mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa ya Pemba au Muheza ni makali, ukiyapaka usoni matupu yanaunguza. Limao ndo baya zaidi: unapaka, unatoka juani, unarudi na madoa meusi au malengelenge, na mtandaoni bado kuna mtu anakwambia changanya na asali. Mafuta ya nazi yenyewe, kwa mtu mwenye uso wa chunusi, yanaweza kuziba vinyweleo na kuongeza tatizo. Huyo bora ajaribu ya ubuyu, ambayo ni mepesi kidogo. (Zile mbegu za ubuyu mwekundu mnazotema barabarani ndizo zinazokamuliwa hayo mafuta, na Ulaya yanauzwa kwa bei ya manukato.) Mafuta yoyote mapya yapakwe kwanza mkononi, upande wa ndani wa kiwiko, yakae siku mbili. Yakinuka uchachu, yamwagwe.

Na hakuna mafuta ya jikoni yanayokinga jua kiasi cha kutosha. Hii inabidi irudiwe maana kuna video nyingi zinasema kinyume. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilichoanza mwaka 1992, kinatengenezwa KiliSun, krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la saratani na si la urembo. Nazi ingekuwa inatosha, kazi hiyo isingekuwepo. Wangejaza mafuta ya Pangani kwenye chupa wakagawa. Kwa mrembo wa kawaida wa Tanga, kinga ya kwanza ni ile ile ya zamani: mwavuli, mtandio, kofia pana, na kutembea upande wenye kivuli kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Krimu ya kukinga jua ni nzuri kwa mwenye uwezo. Anayetaka kupunguza makunyanzi yaliyokwisha kuingia, kuna dawa za jamii ya vitamini A ambazo madaktari wa ngozi huandika na zimethibitika kusaidia, lakini si za mjamzito, na si za kuagiza kwa mtu mwenye picha ya nazi.

Kuna jambo moja halisemwi kwenye haya mambo. Yule mdada hakuamka asubuhi akachukia uso wake. Alichukizwa. Video ile ingepita bila matusi, asingetafuta chupa. Wanaume wa rika lake wenye mistari paji zima wanaitwa watu wazima, wanapewa uenyekiti wa kamati. Mwanamke wa miaka 34 akikunja uso kwa kucheka, anaambiwa amekwisha. Muuzaji hakuleta hofu hiyo, kaikuta imeiva, kaichuma tu.

Sasa hivi ni mwezi wa tano tangu aache. Uso umetulia, haujarudi wote. Anaosha kwa maji na sabuni laini, anapaka alichopewa na daktari, na usiku, kwa ruhusa yake, matone ya mafuta ya ubuyu. Ya nazi ya bibi anapaka mwilini. Juzi kashika tena kipaiza sauti, shughuli ya Makorora, mtandio mabegani badala ya usoni. Watu walimrekodi kama kawaida, na mistari ya paji la uso ikaonekana kama kawaida.

Muuzaji naye yupo. Kabadilisha jina la ukurasa, katoa picha ya nazi kaweka ya parachichi. Chupa ni ile ile, bei sasa elfu ishirini.