Moto wa Vesta



Mkifika Roma leo, katika magofu ya uwanja wa kale uitwao Forum, mtaonyeshwa nguzo chache za hekalu moja la mviringo. Hilo lilikuwa hekalu la Vesta, mungu wa kike ambaye Warumi wa kale walimheshimu kuwa mlinzi wa meko. Ovid, mshairi wao, aliandika ya kuwa ndani yake hamkuwa na sanamu ya Vesta. Mlikuwa na moto tu.

Moto huo ulitunzwa na wanawali 6. Walichaguliwa wangali watoto wa miaka 6 hata 10, wakatumika miaka 30, na kwa muda huo wote hawakuolewa. Moto ukizimika kwa uzembe, mlinzi alichapwa viboko, na moto mpya ulipatikana kwa kupekecha mti. Kila tarehe 1 Machi waliufanya upya. Tena tarehe 9 Juni waokaji mikate walikuwa na sikukuu: mawe ya kusagia yalipumzishwa, na punda waliozoea kuyazungusha walivikwa mashada ya maua na mikate. Hata katika nyumba za watu, wakati wa kula, sehemu ya chakula ilitiwa motoni.

Mwishoni mwa karne ya 4, wakati wa Kaisari Theodosius aliyekuwa Mkristo, ibada za miungu zilikatazwa, na moto wa Vesta ukazimwa.

Basi, mtashangaa kusikia ya kuwa siku hizi wako watu katika Marekani na Ulaya wanaomheshimu Vesta tena. Huko Marekani chama kiitwacho Nova Roma kilianzishwa mwaka 1998 ili kufufua dini ya Warumi. Wengine hufanya hivyo peke yao nyumbani. Nyumba zao nyingi hazina meko, maana hupika kwa gesi au umeme. Kwa hiyo huwasha mshumaa au taa ya mafuta, na kutoa unga kidogo wenye chumvi au kipande cha mkate.

Sisi Wakristo hatuwezi kumwomba Vesta. Amri ya kwanza yatosha. Lakini tusiwacheke upesi. Mtu mwenye umeme katika kila chumba, mbona awashe mshumaa mmoja? Nadhani anatafuta mahali ambapo watu wa nyumba yake watakutana. Taa ya umeme humwangazia kila mtu chumbani mwake, bali moto wa meko huwakusanya wote.

Sisi mafiga tunayo bado. Je, nani huketi hapo jioni? Mara nyingi ni mama peke yake, macho yamejaa moshi. Baba yuko kilabuni, na watoto kila mmoja amekwenda pembeni na sahani yake. Moto unawaka, lakini watu hawapo.

Warumi walijua ya kuwa moto hufa kwa kusahauliwa, nao hawakumwachia mtu mmoja kazi ya kuutunza. Kwa nini sisi tumwachie mama? Jifya moja haliinjiki chungu. Baba, leo rudi mapema, lete kuni, keti, uwaite watoto wasogee.