Kura Si Suti

Mtu akikupa suti, ukaona koti limekukaa vizuri lakini suruali inakubana mpaka huwezi kuketi, je, utaivaa yote kwa sababu imeshonwa na fundi mmoja? Najua utacheka. Utasema, "Koti nachukua, suruali kaa nayo." Lakini ikifika siku ya kura, wengi wetu huvaa tu na kutembea nayo hivyo hivyo.

Hapa Kenya, tangu uchaguzi wa 2013, mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Wanasiasa nao husimama juu ya magari wakituomba tuwape suti kamili, yaani zote sita ziende chama kimoja. Watu hupiga vigelegele. Mjomba wangu ni mmoja wao. Yeye husema kwamba kuchanganya vyama ni sawa na kutia sukari kwenye githeri. Jioni moja nilijaribu kumpinga, nikakosa mfano, akanicheka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mfano, na kumbe uko mbali sana, katika jimbo la Georgia huko Marekani. Naomba tusafiri pamoja.

Tukifika Kidato cha Nne, somo la Historia na Serikali litatufundisha habari za serikali ya Marekani, lakini acha niwaonjeshe kidogo. Rais wa Marekani huchaguliwa kila baada ya miaka 4. Katikati ya muhula wake, baada ya miaka 2, hufanyika uchaguzi mwingine ambao jina la rais halimo kabisa. Viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hupigiwa kura, pamoja na karibu thuluthi moja ya viti 100 vya Seneti. Isitoshe, majimbo mengi huchagua magavana wao wakati huo huo. Uchaguzi kama huo ulifanyika Novemba 8, 2022.

Siku hiyo wananchi wa Georgia, ambako mji mkuu ni Atlanta, walikuwa na kazi kubwa. Walichagua seneta mmoja, wabunge 14 wa Baraza la Wawakilishi, gavana, naibu wa gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo, na hata msimamizi wa shule na msimamizi wa kilimo. Walichagua pia Katibu wa Jimbo, ambaye ofisi yake ndiyo husimamia uchaguzi. Suti yao, basi, ina vipande vingi kuliko yetu. Na vyama vikubwa ni viwili tu, Republican na Democratic. Mtu angedhani ni rahisi: chagua chama, funga macho, maliza, nenda nyumbani.

Kwa kiti cha ugavana, Brian Kemp wa Republican alikuwa akitetea kiti chake dhidi ya Stacey Abrams wa Democratic. Hawa walikuwa wamepambana tena 2018, Kemp akashinda kwa tofauti ndogo. Kwa kiti cha useneta, Raphael Warnock wa Democratic alikuwa akitetea kiti dhidi ya Herschel Walker wa Republican. Warnock ni mchungaji wa kanisa la Ebenezer Baptist mjini Atlanta, lile lile ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake. Walker naye alikuwa nyota wa kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira ulio kama yai, na jina lake linajulikana Georgia nzima tangu alipoichezea timu ya chuo kikuu cha jimbo hilo. Lakini alikuwa hajawahi kushika wadhifa wowote wa kuchaguliwa. Wote wawili ni Wamarekani weusi, kwa hivyo hapo hakuna aliyeweza kusema atachagua kwa rangi ya ngozi.

Sasa ndugu msomaji, shika kalamu tufanye hesabu. Kemp wa Republican alipata kura 2,111,572 akawa gavana. Walker wa chama hicho hicho, siku hiyo hiyo, katika vituo vile vile, alipata 1,908,442. Toa. Tofauti ni kura 203,130. Upande wa pili, Abrams wa Democratic alipata 1,813,673, na Warnock wa chama chake akapata 1,946,117. Hapo tofauti ni 132,444. Maana yake ni nini? Ni kwamba kuna maelfu na maelfu ya watu waliochukua koti la Republican wakakataa suruali yake. Baadhi yao walimpa Warnock, wengine walimpa mgombea wa chama kidogo cha Libertarian, Chase Oliver, na wengine pengine waliacha nafasi hiyo wazi.

Siwezi kuingia ndani ya moyo wa kila mpiga kura nikasoma sababu zake. Kampeni yenyewe ilijaa madai juu ya maisha ya wagombea, na hayo siyaingilii. Lakini jambo moja liko wazi. Kemp na Warnock wote walikuwa tayari ofisini na watu walikuwa wamewaona wakifanya kazi. Tuchukue Kemp. Mwaka wa 2020 Joe Biden alishinda Georgia kwa kura 11,779 tu. Rais wa wakati huo, Donald Trump, ambaye ni wa chama cha Kemp, alitaka matokeo hayo yabadilishwe. Kemp alikuwa ameyatia sahihi na hakukubali kuyageuza. Januari 2, 2021, Trump alimpigia simu Katibu wa Jimbo, Brad Raffensperger, naye pia wa Republican, akimwambia anataka kupata kura 11,780. Raffensperger hakuzitoa. Kwa hasira hiyo, katika mchujo wa chama wa Mei 2022, Trump aliwaunga mkono wapinzani wa watu hawa wawili. Wote wawili waliwashinda wapinzani hao, na Novemba wakashinda tena. Wapiga kura wa Republican wenyewe walikataa kuambiwa nani wa kuvaa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mambo hayakuishia hapo. Sheria ya Georgia inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Warnock alipata asilimia 49.4, Walker 48.5, na yule Oliver wa chama kidogo akapata kama asilimia 2. Hakuna aliyefika, kwa hivyo ikabidi watu warudi kwa duru ya pili Desemba 6, 2022. Warnock akashinda kwa asilimia 51.4, na chama chake kikawa na viti 51 katika Seneti badala ya 50. Katiba yetu ya 2010 ina kanuni inayofanana na hiyo kwa kiti cha urais: nusu ya kura na zaidi, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. La sivyo, ni duru ya pili. Kwa hivyo wale wachache wanaopima kila mgombea peke yake si watu wa kudharauliwa. Georgia ni wao walioamua.

Mjomba aliposikia haya hakunyamaza. Na ni haki nimpe nafasi yake, maana mjadala wa upande mmoja ni kama ngoma isiyo na ngozi upande mmoja. Alisema, "Mpwa wangu, gavana bila watu wake ndani ya bunge la kaunti atafanya nini? Bajeti itaangushwa, kila siku vurugu. Chama ni timu. Huwezi kuchukua kipa wa timu hii na mshambulizi wa ile." Hoja hiyo ina uzito. Na ukweli ni kwamba hata Georgia, watu wengi zaidi walivaa suti nzima. Viti vyote vya serikali ya jimbo, kuanzia kwa gavana hadi msimamizi wa shule, vilichukuliwa na Republican. Sisemi kupenda chama ni dhambi.

Ninalosema ni kwamba chama kinaweza kuwa sababu ya kumsikiliza mtu, lakini kisiwe sababu ya kutomwangalia. Kama kipa anaachilia mabao, hata awe wa timu yangu, mwondoe golini. Chama kikijua tutavaa chochote, kwa nini kijisumbue kushona vizuri?

Hapa nitasema jambo ambalo si rahisi kwangu. Si kwamba mimi ni mwerevu kumliko mjomba. Mwaka jana, katika chama kimoja cha hapa shuleni ambacho sitakitaja, tulikuwa na uchaguzi. Mkondo wetu ulikubaliana kichinichini: mwenyekiti wetu, katibu wetu, mweka hazina wetu. Suti. Yule tuliyemsimamisha kuwa mweka hazina nilimjua tangu shule ya msingi. Ni rafiki mwema na mcheshi, lakini kuandika pesa kwenye daftari hajui na hataki. Aliyeshindana naye alikuwa msichana wa mkondo wa pili ambaye kila mtu anajua ni makini. Mimi niliinua mkono kwa wetu, na nilikuwa nikijua ninachokifanya.

Muhula wa pili tulichanga pesa za safari ya kongamano. Siku ilipofika, basi lilikuwa halijalipiwa lote na daftari lilikuwa na majina nusu. Sidhani pesa ziliibwa. Ziliandikwa vibaya tu, nyingine hazikuandikwa. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza ambao majina yao hayakuonekana waliachwa langoni na sare zao safi walizopiga pasi. Mmoja wao tunapitia njia moja kwenda nyumbani. Jioni hiyo alitembea mbele yangu bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia. Yeye hakupiga kura. Mimi ndiye niliyepiga.

Ndiyo maana nimewapeleka hadi Georgia. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimeshamwona akitembea mbele yangu barabarani. Uchaguzi wa vyama vyetu unakuja tena mwanzoni mwa mwaka. Mkondo wetu utakutana tena kichinichini, na nitaambiwa mimi ni msaliti. Sawa, niitwe. Nitampigia kura mwenyekiti wa mkondo wetu kwa sababu anafaa. Kwa mweka hazina nitamtafuta anayejua kuandika daftari, hata awe wa mkondo upi. Na nitakapotimiza miaka 18 na kupewa karatasi sita, nitazisoma zote sita, moja baada ya nyingine, hata foleni ya nyuma yangu ikinung'unika.

Mjomba naye, tulipoachana siku ile, alisema atafikiria. Kwa kumjua jinsi alivyo, hilo si jambo dogo.