KONA YA WAZAZI: Haraka ya Nini?

Juzi nilienda Kigali, kule Nyamirambo, kumtembelea mdogo wangu. Nikamkuta binti yake wa miaka 4 amesinzia juu ya daftari, machozi hayajakauka. Ati lazima aandike namba mpaka 20 kwa Kiingereza, kesho mwalimu anakagua.

Mdogo wangu akaniambia: "Dada, sisi wakimbizi hatuna shamba. Huyu akichelewa, tutamwachia nini?"

Namuelewa. Mwisho wa 2019 serikali ilitangaza kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza, na wazazi wengi tukashikwa na hofu. Lakini darasa la kwanza mtoto anaanza na miaka 6. Na mtaala wa chekechea wa 2015 wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa kucheza.

Jioni tulikaa kuchambua maharage. Mtoto akaja katikati yetu, akahesabu punje kwa Kiswahili mpaka 20, huku anacheka. Kumbe hesabu anaijua! Kilichomliza ni kalamu.

Mwezi huu jaribuni hivyo nyumbani, kwa maharage au vizibo vya soda, kwa lugha yenu. Kiingereza kitamkuta shuleni.

Tuonane mwezi ujao.