DAWA ZA MITI ZA KUPUNGUZA UNENE ZIPIMWE

Katika masoko yetu, katika vituo vya mabasi, na hata nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa, zinauzwa dawa za majani, mizizi na mbegu zinazosemwa kuwa hupunguza unene kwa muda wa wiki mbili. Muuzaji huongeza neno zito la kumshawishi mnunuzi: eti dawa yake "inasawazisha homoni". Tunaona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili waziwazi, kwani linagusa afya ya mwananchi na jasho lake.

Unene uliokithiri si maradhi ya matajiri peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kisukari na shinikizo la damu hufuata nyuma yake.

Hatuibezi mitishamba. Ukoloni ndio uliotufundisha kuwaona waganga wetu kuwa washirikina tu. Taifa huru lilikataa kasumba hiyo, na mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho leo ni taasisi kamili pale Muhimbili. Tena, metformini, kidonge kinachomezwa na wagonjwa wa kisukari duniani kote, chimbuko lake ni mmea uitwao galega. Lakini kemikali ya mmea ule ilikuwa na sumu; wataalamu walitumia miaka mingi kutafuta nyingine ya jamii yake iliyo salama, hata ikaanza kutumika Ufaransa mwaka 1957.

Homoni nazo si jambo la kubahatisha. Ni wajumbe wa mwili. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Mtu mnene kwa kawaida hana upungufu wa leptini. Anayo nyingi, ila ubongo wake hauitii tena. Basi anayedai kuongeza "homoni ya shibe" hana budi kueleza ni homoni ipi, na ameipima wapi.

Tuchukue mfano wa uwatu, tunaoufahamu sote. Mbegu zake zina nyuzi zinazoweza kuchelewesha sukari kuingia katika damu. Hiyo ni faida, lakini si kuyeyusha kitambi. Na mgonjwa wa kisukari akinywa uwatu mwingi pamoja na dawa za hospitali bila kumwarifu daktari, sukari yake yaweza kushuka hata azirai.

Yaliyotokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni funzo kwetu. Katika mji wa Brussels, wanawake waliokuwa wakitafuta wembamba walipewa dawa ya mitishamba ambamo mmea mmoja uliwekwa kimakosa mahali pa mwingine. Zaidi ya watu 100 waliharibikiwa figo, na baadhi yao walipata saratani. Kuwa dawa imetoka porini si ushahidi kwamba haidhuru.

Sheria tunayo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga na kusimamia dawa zao. Lililobaki ni utekelezaji. Tunawataka maofisa afya wakague masoko, na viongozi wa mashina na matawi wawaelimishe wananchi kutonunua unga usio na jina la mmea, kipimo wala namba ya usajili. Waganga wa kweli nao wapeleke dawa zao zikachunguzwe, na haki ya ujuzi wao ilindwe.

Afya ya mtu ni amana. Anayeuza asichokijua kwa mgonjwa asiyejua ni mnyonyaji kama wanyonyaji wengine, na hastahili kuvumiliwa.