Kuungwa kifundo uzeeni: hoja za wapinzani hazisimami

Mmewasikia wanaosema mzee mwenye kifundo cha mguu kilicholika asikubali kuungwa mifupa kwa skrubu. Nimezisoma hoja zao. Amueni ninyi.

Kwanza, wanasema kifundo kikishaungwa hakikunjiki, kwa hiyo mzee anatiwa ulemavu. Hakikunjiki, ni kweli. Kupanda mlima kutamchosha, choo cha kuchuchumaa kitamsumbua, na anayeswali ataliona hilo kwenye kikao cha tahiyatu. Daktari asiyemwambia mapema anamkosea. Lakini kifundo kilichofikia kupasuliwa kwa kawaida kimeshakakamaa: gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Kinachoondolewa ni mwendo mdogo uliobaki pamoja na maumivu yake.

Hoja yao ya pili, iliyo nzito, ni kwamba viungo jirani huchakaa. Ushahidi upo. Mwaka 2001 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha habari za watu 23 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 22 baada ya kuungwa kifundo. Wengi wao viungo vya unyayo upande uliopasuliwa vilikuwa vimelika vibaya, goti lilisalimika. Naukubali utafiti huo wote. Ninachokataa ni kumtishia nao mtu wa miaka 75, ambaye miaka 22 ikipita atakuwa na 97. Tena mwaka 1999 huko huko Iowa ulitoka utafiti wa waliounganishwa viungo vitatu vya nyuma ya unyayo, wengi wakiwa vijana. Baada ya wastani wa miaka 44 viungo jirani vilikuwa vimechakaa, na bado asilimia 95 ya wagonjwa walisema wameridhika. Anayetaja uchakavu na kuficha kuridhika huko hajawatendea haki wasomaji.

Tatu, eti mfupa wa mzee haushiki. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, lenye wagonjwa 303 wa miaka 50 hadi 85, takriban 12 kati ya kila 100 waliounganishwa mifupa yao haikushika kwenye picha ya eksirei, na 7 hivi ndio walioisikia athari yake. Waliobaki ilishika. Sigara, kisukari kilichoua hisia za miguu na damu isiyofika vizuri unyayoni ndivyo vya kuulizwa kabla ya mwaka wa kuzaliwa.

Kisha watu hao hao wanashauri kiungo bandia. Jaribio hilo hilo lililinganisha njia hizo mbili: baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa na nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuthibitika. Vidonda vilivyochelewa kupona na mishipa ya fahamu iliyoumia vilikuwa vingi zaidi kwa waliowekewa kiungo bandia. Unasemaje mwili wa mzee hauponi, kisha unampeleka kwenye kidonda kigumu zaidi kupona?

Pingamizi lenye uzito zaidi hawakuligusa. Baada ya upasuaji mguu hufungwa hogo, na kwa wiki kadhaa haukanyagiwi. Mzee anayeishi peke yake, mikono haina nguvu ya kubeba magongo, nani atampeleka chooni usiku?